Kuwasomea wazazi matokeo ya shule mpaka yaeleweke: hatua ninazofuata

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya kijijini, juu ya uwanda wa Makonde, Newala, kusini mwa Tanzania. Kwa miaka mingi nilisoma matokeo kwenye mkutano wa wazazi kama wengi wetu tunavyosoma: wastani wa shule, asilimia ya ufaulu, nafasi kikata, nafasi kiwilaya. Watu wanapiga makofi, kikao kinafungwa kwa dua, kila mmoja anashika njia yake. Siku moja bibi aliyekaa mbele kabisa akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo asilimia unayoisoma ni watoto wangapi? Na mjukuu wangu yumo au hayumo?" Nilikuwa na karatasi nne mkononi, na jibu lake halikuwemo hata katika moja.

Hatua hizi zimetokana na swali lile. Nawaandikia walimu wakuu, wataaluma na wajumbe wa kamati za shule, hasa wa huku kwetu Mtwara na Lindi.

Hatua ya 1: Chagua wakati ambao bado kuna la kufanya

Matokeo ya darasa la saba yanatoka mtoto ameshaondoka shuleni. Yasomeni, kwa sababu kijiji kina haki ya kujua shule yake imefanya nini, ila msiyafanye kuwa ndiyo mkutano wenyewe. Mzazi wa mtoto wa darasa la nne hana cha kufanya nayo. Mimi nategemea mitihani ya shule, na mkutano mkubwa nauweka mwanzoni mwa Septemba, kabla korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi. Ukichelewa mpaka Novemba, watoto wako mikoroshoni wanaokota, na wazazi wako ghalani.

Siku nayo ina mambo yake. Juni na Julai usiite watu asubuhi, maana salfa, dawa ya mikorosho, hupulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Siku ya malipo ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa korosho, usijaribu kabisa. Ijumaa iwe baada ya sala, na mwezi wa Ramadhani fupisha. Kwetu saa kumi jioni, baada ya alasiri, ndiyo huleta watu wengi, kina mama wakiwemo.

Kuna na mlango mwingine tunausahau. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mwenyekiti robo saa kwenye ajenda. Pale utawapata hata wasio na mtoto shuleni, ambao michango ya darasa wanaitoa kama wengine.

Hatua ya 2: Geuza asilimia kuwa watoto

Chukua daftari la alama, somo moja, darasa moja. Usianze na masomo yote sita, utawachosha watu. Mimi huanza na Hisabati au Kusoma.

Tuchukue mfano: darasa la nne lina watoto 52. Hisabati kwa alama 50, A (41 hadi 50) wako 3, B (31 hadi 40) wako 8, C (21 hadi 30) wako 17, D (11 hadi 20) wako 16, na E (0 hadi 10) wako 8. Kwenye taarifa ya wilaya utaandika ufaulu (A hadi C) wa asilimia 53.8. Kwa wazazi sema hivi: "Darasani tuna watoto 52. Waliofaulu Hisabati ni 28. Ambao bado ni 24." Basi. Kila aliyepo atajiuliza wake yuko upande gani, na swali hilo ndilo unalolitaka.

Kuwa mwangalifu na kupanda na kushuka. Shule nyingi za huku zina watahiniwa wachache. Wakiwa 30, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia 3. Ufaulu ukitoka asilimia 60 hadi 66.7, maana yake wamefaulu watoto wawili zaidi, 20 badala ya 18. Ni jambo la kufurahia, lakini usisimame mbele ya kijiji ukatangaza kwamba shule imepaa, kwa sababu mwakani wakipungua wawili utaambiwa imeporomoka. Halafu darasa la saba la mwaka huu si watoto wa mwaka jana. Kipimo kilicho cha haki zaidi ni kuwafuata watoto walewale: walipokuwa darasa la tatu walikuwaje, sasa wako la nne wakoje.

Nafasi ya mtoto darasani nimeacha kuisoma hadharani. Mtoto anaweza kuwa wa tano kwa alama 18 kati ya 50, na baba yake akaenda nyumbani anatembea kifua mbele. Baraza la Mitihani lenyewe, Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Sioni sababu ya sisi kuendelea na mtindo huo chini ya mwembe.

Hatua ya 3: Fungua daftari la mahudhurio

Hapa ndipo pana kazi, na wengi hupaacha. Weka daftari la alama na la mahudhurio pamoja mezani. Andika majina ya wale 24 kwenye karatasi yako mwenyewe, kisha hesabu kila mmoja amekosa siku ngapi tangu shule ifunguliwe Julai. Fanya hivyo pia kwa wale 28. Ni kazi ya jioni mbili, na nakuomba usimwachie mtu mwingine, kwa sababu ukiwa unahesabu utaanza kukumbuka: huyu aliugua, huyu mama yake alisafiri, huyu huonekana siku za gulio akiuza karanga.

Katika mfano wetu, tuseme kati ya wale 24, watoto 15 wamekosa zaidi ya siku kumi. Kati ya wale 28 waliofaulu, waliokosa hivyo ni 4 tu. Siku kumi ni wiki mbili nzima za masomo, na mwaka mzima una siku 194. Ila namba haisemi kwa nini mtoto hakuja. Pengine ni korosho, pengine ni njaa kwa sababu shuleni hakuna uji, pengine ni mwalimu ambaye watoto wanamwogopa. Hilo la mwisho uwe tayari kulisikia.

Hatua ya 4: Tandika jamvi

Projekta hatuna, na hata tungekuwa nayo nisingeitumia. Nenda na korosho ghafi kwenye kikapu, idadi sawa na watoto wa darasa. Chagua zilizo nzuri zote. Usiweke mbovu kwa ajili ya walioshindwa. Wazazi huku wanazijua korosho kuliko wewe, wataona mara moja umewafananisha watoto wao na nini.

Tandika jamvi katikati, watu wakae kuzunguka. Mwombe mzazi mmoja ahesabu kwa sauti, moja mpaka 52. Akimaliza, mwingine atenge 28 upande mmoja. Yanabaki mafungu mawili, na kila mtu anayaona. Kisha kwenye fungu la 24 hesabu 15, zisogeze pembeni: "Hawa wamekosa shule zaidi ya siku kumi." Kwenye fungu la 28 sogeza 4. Nyamaza.

Ukimya huo usiukatishe. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, mzee mmoja aliinuka, akainama juu ya zile za waliokosa shule, akazigusa moja moja kwa kidole, akasema, "Basi hizi ni zetu, si za mwalimu." Mama mwingine akamjibu kutoka nyuma: "Na zile zilizobaki kwenye fungu la walioshindwa? Hao walikuja kila siku na hawajui. Hao ni wa mwalimu." Wote wawili walisema kweli, na mkutano wa siku hiyo ulikuwa wa kwanza ambao sisi walimu tulitoka na kazi yetu na wazazi wakatoka na yao.

Wazee wakizungumza Kimakonde, au Kimwera kwa walio Ruangwa na Nachingwea, waache. Mtu huleta hoja nzito zaidi kwa lugha aliyolelewa nayo. Mpate mtu wa kukutafsiria.

Hatua ya 5: La mtoto mmoja aambiwe mlezi wake

Mtu atauliza, "Wangu yuko fungu gani?" Jibu: "Bibi, wako nitakuonyesha pale mezani sasa hivi." Panga meza tatu au nne pembeni, kila mwalimu wa darasa na ripoti zake. Wengi wanaokuja ni bibi na babu, na baadhi hawasomi. Mwite mtoto asome ripoti yake mwenyewe mbele ya bibi yake, nawe ufafanue.

Usibandike majina na alama ubaoni, wala usipige picha orodha ukairusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtoto aliyepata 6 kati ya 50 bado anatakiwa arudi shuleni kesho asubuhi.

Hatua ya 6: Andika nani atafanya nini, na lini

Makubaliano yawe machache na yawe na mwenyewe. Yetu ya mwaka mmoja yalikuwa matatu: wazazi waokote korosho na watoto Jumamosi na Jumapili tu, walimu wa Hisabati wawe na nusu saa ya ziada kila Jumanne kwa wale wanaohudhuria lakini bado hawajafaulu, na mjumbe mmoja wa kamati aende kuongea na manyakanga, wale wanaoongoza unyago, ili unyago usianze kabla shule haijafungwa. Haya yaandikwe kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, pamoja na zile hesabu zisizo na majina, yabandikwe ofisi ya kijiji na ghala la chama, mahali ambapo watu husimama kusoma bei za mnada wa korosho. Pembeni weka mapato na matumizi ya shule, maana swali la ruzuku litakuja tu. Nakala moja impelekee Afisa Elimu Kata.

Manila ya zamani usiitupe. Ikunje, na mkutano unaofuata itundike kando ya mpya kabla hujasema neno lolote.