Kabla Hujamnunulia Mwanasesere Wako Nguo na Viatu

Pima kwanza. Mwanasesere wa kike wa kipimo cha 1/6, yaani sehemu moja ya sita ya ukubwa wa mtu, huwa na urefu wa sentimita 26 hadi 30 hivi, lakini hiyo "1/6" kwenye tangazo haikuambii lolote kuhusu kifua, kiuno wala nyonga. Gauni lililoshonewa mwili mwembamba wa Obitsu (kampuni ya Kijapani ya wanasesere) litagoma kufunga mgongoni kwenye mwili wa TBLeague (chapa ya miili ya mpira laini) wenye kifua kikubwa. Zungusha uzi, kisha upime uzi huo kwa rula. Kama unataka buti ndefu, pima na shavu la mguu.

Viatu vina fumbo lake. Vingine viko wazi ndani na huvalishwa kwenye unyayo. Vingine ni vigumu na havina nafasi ya mguu, hivyo unachomoa unyayo na kuchomeka kigingi cha kifundo (kijiti kinachounganisha mguu na unyayo) ndani ya kiatu. Muulize muuzaji ni aina gani, na kama vigingi vimo kwenye paketi, kwa sababu kila kiwanda kina kipenyo chake. Kigingi kikibana, usilazimishe: kitavunjikia ndani. Pasha moto kiatu kwa drai ya nywele mpaka kilainike, halafu ingiza kigingi kikiwa kimenyooka. Kikilegea, kizungushie ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Usitie gundi.

Unyayo bapa hauingii kwenye mchuchumio, na unyayo uliopinda hautasimama ndani ya raba. Visigino virefu vinahitaji stendi, hata kama kwenye picha ya dukani anasimama mwenyewe.

Kitambaa kiwe chembamba. Unene wa milimita 1 hapa ni sawa na milimita 6 kwa mtu mzima, ndiyo maana koti zuri linaweza kuonekana kama godoro. Velkro hurarua taiti. Vishikizo vidogo vya kubonyeza ni bora zaidi. Lastiki kali huacha mfereji kiunoni kwenye mwili wa mpira laini.

Sasa rangi, na hapa usiwe na haraka. Jinzi jeusi jipya linamkaa vizuri, anawekwa kwenye rafu, miezi inapita. Siku ya kumvua, mapaja yana weusi, mstari wa mshono umejichora hadi kwenye goti, na kiunoni kuna mkanda wa buluu. Sabuni haisaidii, maana rangi haiko juu: imezama ndani ya mpira. Mpira laini na vinaili hunyonya rangi ya nguo, na joto, unyevu na mbano huharakisha kazi hiyo. Nyeusi, nyekundu na buluu nzito ndizo mbaya zaidi, ngozi bandia ikiwemo.

Kwa hiyo ijaribu nguo kabla haijagusa mwili. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, sugua upande wa ndani, hasa kwenye mishono, kisha kiache kimegandamizwa juu ya nguo usiku kucha. Kikipata rangi, nguo inachuja. Ifue kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, urudie mpaka maji yatoke meupe, na ikauke kabisa. Siki na chumvi haviishikizi rangi ya namna hii. Hata iliyofaulu, ivalishie juu ya taiti nyeupe au ya rangi ya mwili, na umvue kila unapomhifadhi. Kwa vinaili ngumu, krimu ya chunusi yenye benzoyl peroxide ya asilimia 10 hupunguza doa, lakini iweke mbali na sehemu zilizopakwa rangi. Kwa mwili laini usiitegemee.

Ngozi bandia haifuliwi, na baada ya muda hubanduka yenyewe, hasa penye unyevu. Usiifungie kwenye nailoni.

Wakati wa kuvalisha, chomoa viganja, na kichwa pia kama shingo ya nguo ni nyembamba. Mwili wa mpira upake wanga wa mahindi kidogo, ukunje nguo na kuipandisha taratibu badala ya kuivuta. Usimwache amekunja magoti ndani ya suruali ya kubana. Mpira huchanika nyuma ya goti. Vigingi vya akiba vitie kwenye kipakiti, uandike ni vya mwili gani. Na nguo yoyote isiyo na picha ikiwa imevaliwa, omba picha kwanza.