Akiki ikilowa hukudanganya: kukata na kuchonga jiwe lako la kwanza

Marehemu baba alikuwa na pete ya fedha yenye akiki nyekundu ya Yemen, au ndivyo alivyotuambia. Siku moja aliigonga kwenye bawaba ya geti, jiwe likaingia ufa katikati. Alipofariki, pete ikaja kwangu na ufa wake. Nikaipeleka kwa sonara mmoja mzee hapa Ngamiani, Tanga, anitilie jiwe jingine. Akanitajia bei, nikacheka. Mimi ni fundi wa vigae. Mashine ya kukatia ya maji ninayo, diski za almasi ninazo, poseleni nimeikata miaka. Kijiwe kisichofika hata ukubwa wa tende kitanishinda nini?

Kikanishinda. Niliharibu mawe kumi na moja kabla ya kupata moja la kumwonyesha mtu. Nakuandikia wewe ili uharibu matatu tu.

Akiki ni jamaa ya kwatzi. Ni silika, madini yaleyale ya mchanga, iliyojiganda tabaka kwa tabaka, mara nyingi ndani ya matundu ya mawe ya volkano, na fuwele zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Ugumu wake ni 6.5 hadi 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10. Ukiipitishia kisu cha jikoni, kisu ndicho kinachoacha chuma chake juu ya jiwe. Ile krisopresi ya kijani ya Haneti kule Dodoma ni ya ukoo huohuo na inachongwa vilevile, lakini kwa bei yake usiifanye daftari la kujifunzia.

Anza na makapi. Mpwa wangu yuko Arusha, aliniletea ndoo ndogo ya mawe ambayo madalali wameyatupa pembeni kwa kuwa hayana rangi ya kuuzika. Hayo ndiyo yako. Kabla hujakata, lichovye jiwe kwenye maji, lifute, kisha lishike mkononi ulitazame likikauka. Uso hukauka upesi, lakini penye ufa maji hubaki, na utaona mstari mweusi umejichora wenyewe. Jiwe lenye mistari hiyo mitatu minne liache, hata likiwa zuri namna gani. Mawe yangu sita kati ya yale kumi na moja yalikufa hivyo: nilichonga siku mbili, siku ya tatu likagawanyika vidoleni.

Sasa jambo ambalo sitalirudia. Usikate wala usisage akiki kavu. Hata kidogo, hata "namalizia tu kona hii". Vumbi lake ni silika, likiingia kwenye mapafu halitoki, na wachimbaji wa Mererani wanalijua gonjwa lake. Maji yatiririke muda wote, na barakoa ya vumbi uvae juu ya hayo, si ile ya kitambaa. Kwa kuwa umeme na maji viko meza moja, chomeka mashine kwenye soketi yenye swichi inayojikata umeme ukivuja. Vaa kandambili za mpira na miwani. Glavu za kitambaa vua, diski inaweza kuzivuta na vidole vyako.

Mashine yangu ina diski ya inchi saba. Chagua diski yenye ukingo mzima, isiyo na mapengo. Zile zenye mapengo za kukatia zege zinalishika jiwe na kulirusha, na ukingo zinaumegua kama biskuti. Tatizo kubwa la fundi wa vigae ni kwamba kigae ni bapa na akiki ni kama kiazi. Ukikisukuma kiazi mezani kwa mikono, kitajipindua diski ikiwa ndani yake, na hapo ama diski inapinda ama kidole kinakwenda. Mimi hufanya hivi: nachukua kipande cha mbao, nachimba kishimo, natia plasta ya Paris iliyokorogwa nzito, nalizamisha jiwe nusu na kuliacha hadi kesho yake. Sasa nina kitu chenye uso bapa wa kukaa mezani. Nakata jiwe na plasta na mbao vyote pamoja.

Kabla ya kulizamisha, fikiria mistari ya rangi, si ile ya ufa. Ukikata kuifuata, utapata kipande cha rangi moja, kimepooza. Ukikata kuivuka, inafunguka kama pete za shina la mti. Tafuta mahali jiwe lilipomeguka lenyewe, usome mistari inaelekea wapi.

Ukianza kukata usisukume. Fundi aliyezoea poseleni atasukuma tu, mkono umeshajua mwendo. Jiegemeze kidogo, sikiliza. Sauti ikiwa nyororo, diski inakula. Ikianza kulia kwa sauti nyembamba na jiwe haliendi, almasi zimezibwa. Kata kipande cha tofali la kuchoma mara mbili tatu, diski itafunguka tena. Jiwe la ukubwa wa ngumi huniishia dakika ishirini. Ukifika mwisho, punguza nguvu kabisa, la sivyo kipande kinavunjika na kuacha jino pembeni. Unene wa milimita sita au saba unatosha. Nikikata wa nne najuta, kwa sababu haubaki mwili wa kutengeneza mgongo uliobinuka juu.

Kuchora umbo, sahau kalamu ya wino, maji yataifuta. Chonga ncha ya waya wa aluminiamu uchore nao, mstari wa fedha utabaki. Kwa jiwe la kwanza chora yai la milimita 25 kwa 18. Dogo kuliko hilo halishikiki, kubwa kuliko hilo litakuchosha. Punguza kona kwa diski, ukiacha milimita mbili nje ya mstari.

Jiwe halichongwi kwa vidole vitupu. Linahitaji mpini, na gundi nzuri ya mpini ni lakiri, ile nyekundu ya kufungia bahasha. Nimekata vijiti vya mbao vya unene wa kidole, urefu wa kalamu. Weka jiwe juu ya kifuniko cha bati, bati juu ya moto mdogo sana, pamoja na tone la lakiri kwenye upande wa jiwe utakaokaa ndani ya pete. Lakiri ikiyeyuka na kutandaa yenyewe, jiwe limepata joto la kutosha. Chovya kijiti kwenye lakiri, kisimamishe katikati, fungasha pembeni kwa kidole kilicholowa. Usiliharakishe kwa moto mkali wala usilichovye kwenye maji baridi likiwa moto. Litapasuka.

Mashine ya kusagia nimeunda kwa mota ya mashine ya kufulia iliyokufa: sahani bapa inazunguka ndani ya beseni, juu yake nabandika zile pedi za almasi za kung'arishia graniti, na maji yanadondoka kutoka chupa ya dripu iliyoning'inia msumarini. Huna mota? Msasa wa maji juu ya kioo unafanya kazi ileile, ila badala ya jioni moja utatumia wiki.

Pedi ya 100 kwanza (namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa na inakwangua zaidi). Zungusha jiwe mpaka ufike kwenye mstari wa waya pande zote. Kisha liinamishe kama paa la nyumba, uondoe ukingo wa juu kuzunguka lote, ukiacha ukuta wa milimita mbili chini. Inamisha zaidi, ondoa ukingo mpya uliozaliwa. Zamu ya tatu hivyohivyo. Sasa una jiwe lenye ngazi, na kazi ni kuzifuta ngazi kwa kukizungusha kijiti bila kusimama, hata sekunde moja. Ukisimama, unapata bapa. Nilipoweka sifongo nyembamba chini ya pedi, bapa zangu zilipungua nusu.

Na hapa ndipo nilipoharibu mawe matano yaliyobaki. Nilipita 100, 200, 400, 800, harakaharaka, jiwe likiwa na maji linang'aa kama jicho la samaki. Nikampelekea sonara nikiwa nimelilowesha. Akalifuta kwenye kanzu yake, akalielekeza dirishani.

"Mwanangu, hili umelikwangua kwa mchanga?"

Mikwaruzo ya ile pedi ya 100 ilikuwa yote pale, imepakwa mafuta tu. Maji huijaza mikwaruzo na kuificha. Tangu siku hiyo, kabla ya kubadilisha pedi, nafuta jiwe, nalikausha, nalitazama kwa tochi ya pembeni. Nikiona mkwaruzo mmoja uliozidi wenzake kina, sisongi mbele. Kati ya saa nne ninazotumia kwa jiwe moja, karibu tatu zinakwisha kwenye pedi mbili za kwanza. Pedi ya 3000 inachukua dakika kumi. Na kati ya pedi na pedi osha jiwe, kijiti, beseni na kucha zako. Punje moja ya 100 iliyojificha kwenye lakiri itakurudisha mwanzo.

Mng'ao wa mwisho ni oksidi ya seriamu, poda ambayo mafundi vioo hung'arishia vioo. Koroga na maji iwe kama uji mwepesi, ipake kwenye ngozi (yangu nilikata kwenye kiatu cha zamani), bonyeza jiwe. Mwanzoni haitafanya lolote utakaloliona. Ngozi ikikaribia kukauka utahisi inalivuta jiwe, na ni katika kule kuvuta ndiko mng'ao unakokuja. Lakini papo hapo linapata joto, kwa hiyo ligusishe mdomoni kila baada ya muda. Likiwa la kuunguza, pumzika.

Kulitoa kwenye kijiti, litie kwenye friza nusu saa. Lakiri inakuwa kavu kama kioo, unaligonga kidogo linaruka. Yale matope meupe ya beseni usimwage kwenye sinki, yanaganda kwenye bomba. Yaache yatulie, mwaga maji ya juu, matope yafukie yakiwa bado yamelowa.

La kumi na mbili nilimpelekea mzee likiwa kavu, limefungwa kwenye karatasi. Alilitazama kwa lenzi muda mrefu, kisha akavuta droo akatoa pete ya baba. Jiwe lilikuwa kubwa kuliko tundu kwa milimita moja. Hakulipunguza. Alisema fedha ndiyo inayofuata jiwe, akanitaka nirudi Alhamisi.