Kiyoyozi cha chumba cha seva kikigoma

Mchana wa Februari hapa Dar, usikimbilie kufungua dirisha la nje. Utaingiza joto, unyevu na, kwa ofisi za Posta au Masaki, hewa ya chumvi inayokula vyuma. Fungua mlango wa korido yenye ubaridi. Feni usiielekeze kwenye seva: ipandishe juu ya stuli karibu na mlango, itazame nje, isukume hewa ya moto itoke kwa juu, ya baridi itaingia kwa chini. Zima seva za majaribio na skrini. Ndoo za barafu? Achana nazo, zikiyeyuka ni maji karibu na nyaya. Kipimajoto kining'inize mbele ya raki (kabati la chuma linalobeba seva), sehemu ya juu. Kikikaribia nyuzi 35, kikomo cha seva nyingi, zima zilizobaki kwa utaratibu.