Kijiti ulichochomeka tu kimechipua? Usikimbilie kukihamisha

Hii kitu inawatokea wengi, umechomeka fito kushikilia nyanya, au umepogoa ua wa bustani matawi ukayatupa pembeni, mvua ikapiga piga, siku unapita unakuta kijiti kina majani mabichi kabisa. Na hapo hapo mkono unaanza kuwasha, unataka ukivute uone huko chini kuna nini. Tulia kwanza.

Majani sio ushahidi wa mizizi. Kipande cha shina kina wanga na maji yake ndani, hiyo akiba inatosha kabisa kutoa majani ya kwanza bila hata mzizi mmoja, ndo maana unaona kijiti kimechipua vizuri alafu jua likiwaka siku mbili tatu kinanyauka chote, na mtu anaanza kusingizia mchwa. Kumbe akiba imeisha na chini hakuna kitu, au kuna ule uvimbe mweupe tu unaoota pale ulipokata. Uvimbe ni kovu la kidonda, bado sio mzizi.

Utajuaje sasa? Kishike kwa vidole viwili ukivute kidogoo, kama kinakataa kutoka kuna kitu kimeshika. Ila mimi alama naiamini zaidi ni kuona majani mapya yanaendelea kutoka na kijiti kinapita jua la mchana bila kulegea. Vitu laini kama mint, nyanya, viazi vitamu, wiki moja mpaka mbili tayari, ila mti mgumu kama mtini, mforosadi au mzabibu mpe mwezi au miwili hata zaidi, na usiwe unafukua kila siku kuangalia, mizizi michanga inakatika kirahisi sana.

Kwanini kimeota chenyewe wakati kile ulichokibembeleza kwenye kopo kikafa? Angalia pale kilipoangukia. Mara nyingi utakuta kuna kivuli cha nusu siku, udongo umelegea, juu kuna majani makavu yanashika unyevu, na maji hayatuami. Ndani ya mmea pia kuna homoni inaitwa oksini, inatengenezwa kwenye machipukizi na majani machanga, inashuka chini kufuata shina na ikifika kwenye mkato inajikusanya hapo, ndo inaambia seli za karibu zigeuke mizizi. Vile vifundo panapotokea majani ndo sehemu mizizi inapenda kutokea kwa mimea mingi, kwahiyo fito lililofukiwa na vifundo viwili vitatu lina bahati kuliko lililogusa udongo na ncha tu. Na kuna miti kama mierebi na mipopla mizizi yake inakuwa imeshajiandaa chini ya gome, inasubiri unyevu tu, hiyo usishangae.

Kikishashika, swali la kwanza ni je hapo kilipo panafaa? Kama panafaa kiache, kweli, usikihamishe kwa sababu tu una sufuria ya maua nzuri. Kama kipo karibu na ukuta au bomba na ni jamii ya mtini, hamisha mapema kabla hakijawa na nguvu. Mwagilia siku moja kabla, subiri jioni au siku ya mawingu, chimba mbali kidogo na shina utoke na bonge la udongo mzima, usikishike shina ukavuta. Majani kama ni mengi punguza nusu, kiweke kivulini siku kadhaa alafu kizoeshe jua taratibu. Mbolea ya dukani acha kwanza mpaka uone kinakua, chumvi zake zinaunguza mizizi michanga.

Ukitaka kurudia makusudi basi iga ile ajali. Kata tawi lenye unene wa penseli, sentimita 15 mpaka 20, chini kata usawa karibu kabisa chini ya kifundo, juu kata mshazari ili usichanganye, maana ukichomeka kichwa chini kwa mimea mingi ndo basi tena, mizizi inatokea upande uliokuwa chini kwenye mti mama. Majani ya chini toa yote, bakiza mawili juu, yakiwa makubwa yakate nusu. Mti mgumu fukia theluthi mbili, bana udongo kwa vidole usiache hewa. Vile laini unaweza kuvifunika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, lakini isikae kwenye jua kali, utavipika.

Vyenye utomvu kama mnyaa, franjipani na dungusi ni tofauti, hivyo acha mkato ukauke kivulini siku kadhaa ndo uchomeke, ukichomeka kibichi kinaoza. Na utomvu wa mnyaa usicheze nao, ukiingia jichoni ni hatari, vaa glovu na usijifute uso.

Kitu kingine watu wanasahau, kijiti ni mama yake yule yule. Mama akiwa na ugonjwa wa virusi na kijiti kinao, mfano muhogo wenye batobato, hata uchipue kwa fujo namna gani ung'oe tu. Na waridi lililoungwa, chipukizi likitoka chini ya kiungo hilo ni la shina lililobeba, maua yake hayatakuwa yale uliyoyapenda.

Na wewe ambaye hutaki fito zako ziote, zikauke kwanza kabisa juani kabla ya kuzichomeka. Wengine wanazigeuza kichwa chini, inasaidia kiasi ila sio dawa. Mabaki ya mint, viazi vitamu na yale majani ya rangi ya zambarau yanayotambaa ndo wasumbufu wakubwa, usiyatupe mabichi kwenye lundo la mboji, yaanike juu ya bati au sakafu mpaka yavunjike mkononi, kipande kidogo chenye kifundo kimoja kikibaki kibichi utakipalilia msimu mzima.