Linki ya PDF inafungua jalada badala ya ukurasa unaoutaka? Fanya hivi

Jumapili nilikaa na dada yangu, mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, kurekebisha linki alizowatumia kidato cha nne kwa WhatsApp. Kila moja ilipaswa kufungua ukurasa wake kwenye notisi za PDF. Zote zilikuwa zinaangukia kwenye jalada.

1. Mwishoni mwa linki andika #page= na namba ya ukurasa, mfano #page=14, herufi ndogo, bila nafasi. Kama linki ina alama ya kuuliza na maneno yake, hayo yatangulie. Sisi wa Kigoma, reli inakoishia, hatusahau: alama ya reli (#) hukaa mwisho wa reli.

2. Hesabu kurasa za faili, si namba zilizochapwa. Notisi za dada zina jalada, yaliyomo na dibaji, jumla kurasa sita. Kwa hiyo ukurasa uliochapwa 14 ni #page=20.

3. Angalia ni nani anayefungua faili. Hapa ndipo jioni yetu nzima ilipoishia. Kinachofuata alama ya reli hakiendi kabisa kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza faili. Kinabaki kwa brauza, nayo ndiyo inayoruka hadi ukurasa huo. Brauza isipofungua faili yenyewe, namba imepotea. Chrome, Edge na Firefox za kompyuta hutii. Kwenye Android, mara nyingi faili hupakuliwa kwanza, kisha programu nyingine hulifungua bila habari ya namba yako. Safari, brauza ya iPhone, nayo mara nyingi huanzia ukurasa wa kwanza. Seva ikiagiza faili lipakuliwe, ni yale yale hata kwenye kompyuta. Na faili likikaa Google Drive, linki ya kushiriki hufungua kionyeshi cha Drive, ambacho hakijali #page. La dada lilikuwa huko! Kwa muda wa saa tatu tulibadilisha namba, na namba haikuwa na kosa.

Basi jaribu kwanza kwa Firefox ya kompyuta, kwenye kichupo kipya kila mara. Ikifika sawa, linki ni nzima. Kisha jaribu kwa simu kama ya mwanafunzi.

4. Wasomaji wako wakiwa wa simu, achana na #page, likate faili. Sipendi kupandisha notisi za watu kwenye tovuti za kukata PDF. Chrome inatosha: chapisha, chagua kuhifadhi kama PDF, andika kurasa 20-31. Kila mada ikapata linki yake, na mwanafunzi hamalizi bando kwa kurasa asizozihitaji.