Pikipiki ya kiti cha chini na bodi ya kukata upepo: hatua za kuijenga Lubumbashi

Ukienda kilomita 80 kwa saa umekaa wima, sehemu kubwa ya nguvu ya injini inaishia kupasua hewa. Kwenye mwinuko wa Lubumbashi, zaidi ya mita 1,200, hesabu inatoa karibu kilowati 3.5 kwa hewa peke yake. Kaa chini, nyoosha miguu mbele, jifunike kwa bodi nyembamba yenye mkia mrefu, na hesabu hiyo inaweza kushuka hadi 1.5. Lakini bodi ni kazi ya mwisho. Anayeanza na fibra (nyuzi za kioo za kutengenezea bodi) anaishia na bodi nzuri juu ya pikipiki isiyoshika njia.

Hatua ya 1: injini

Tafuta pikipiki ya sisi (cc) 110 au 125 yenye silinda iliyolala kuelekea mbele. Boxer na TVS za taxi zimejaa mjini na vipuri vyake si shida, ila silinda yake imesimama. Kiti kikishuka, injini inabaki katikati ya magoti na miguu inaungua.

Hatua ya 2: fremu

Usirefushe mkono wa gurudumu la nyuma, maana mnyororo utapiga. Sogeza kichwa cha usukani mbele milimita 300 hivi, ili kutoka ekseli hadi ekseli upate karibu 1,550. Tumia bomba la chuma la milimita 32, ukuta milimita 2. Bomba la maji lenye zinki liache dukani: moshi wake ni sumu na mshono unatoka na matundu. Kiti kiwe milimita 480 kutoka chini, mgongo ulale digrii 40 kutoka wima. Hapo macho ya mtu wa kimo cha kawaida yanafika karibu mita 1.1, sawa na ya dereva wa gari dogo. Usishuke zaidi ya hapo. Dereva wa lori hatakuona.

Wachomeleaji wa Kenya na Katuba, komini za Lubumbashi, wana mkono mzuri, lakini wengi wanapenda kumaliza upande mmoja kwanza. Kataa. Funga fremu kwenye meza ya chuma, shika kwa nukta nne kila kiungo, kisha choma kidogo kushoto, kidogo kulia, kwa baketi (fimbo ya kuchomelea) ya milimita 2.5 na ampea 60 hadi 70. Mshono unapopoa unavuta chuma. Kichwa cha usukani kikipinda digrii 1 tu, pikipiki itavuta upande mmoja daima.

Hatua ya 3: pembe ya usukani

Hapa usikisie. Mstari wa nguzo ya usukani ukiuendeleza hadi chini, lazima uguse ardhi mbele ya pale tairi linapogusa. Umbali huo uwe milimita 90 hadi 110. Kwa tairi la 2.75-17, lenye nusu kipenyo cha milimita 285 hivi, nguzo iliyolala digrii 27 kutoka wima na ekseli iliyotangulia milimita 40 mbele ya mstari wa nguzo vinakupa 100. Chini ya 80 gidoni inakuwa nyepesi mno na inatetema. Juu ya 130 inakuwa nzito kwenye foleni.

Gidoni ndefu iliyovutwa nyuma hadi mikononi ni rahisi, ila inapepea kushoto na kulia kila unapokata kona. Afadhali gidoni ndogo yenye mhimili wake mbele ya kiti, ikisukuma uma kwa fimbo moja yenye rotuli (viungo vya mpira wa chuma) mbili za M10. Fimbo ifungwe kwenye bamba la juu la uma: bamba hilo halipandi na kushuka na amotisa, kwa hiyo mashimo hayageuzi usukani. Weka nati za kujifunga, kila rotuli.

Waya wa freni, wa klachi na wa esansi zote zitengenezwe upya. Kona yoyote yenye nusu kipenyo chini ya milimita 100 itafanya waya ukwame.

Hatua ya 4: mizani

Kabla ya bodi, weka mizani mbili za bafuni chini ya magurudumu, dereva akiwa amekaa. Mbele kuwe na asilimia 45 hadi 50. Kisha endesha wiki nzima bila bodi.

Hatua ya 5: bodi

Chonga umbo kwa frigoliti, lile povu jeupe la kufungashia televisheni. Resini ya polista inaliyeyusha papo hapo, kwa hiyo lifunike lote kwa tepu ya plastiki kwanza. Pua iwe ya mviringo, haina haja ya kuchongoka. Mkia ndio wenye kazi: kila ubavu usikate ndani zaidi ya digrii 12 hivi, la sivyo hewa inabanduka na bodi yote imekuwa mzigo bure.

Kwa mita za mraba 3.5, tabaka mbili za mati ya fibra ya gramu 300 kwa mita ya mraba ni kilo 2.1, na resini kilo 5. Kigumushi gramu 15 kwa kilo ya resini. Mchana wa Oktoba, gramu 10. Kigumushi na kobalti (kichocheo cha resini) visikutane peke yake kabisa, vinalipuka.

Gurudumu la mbele liache wazi. Bodi zilizolifunika zilikatazwa kwenye mashindano ya dunia mwishoni mwa 1957, na upepo wa ubavuni ulikuwa sababu kubwa. Kata katoni ya umbo la ubavu kwa kipimo cha 1 kwa 10, itundike kwa uzi kutoka pembe mbili, chora mstari wa wima kila mara, na pale mistari inapokutana ndiyo makadirio ya pale upepo wa ubavuni unaposukuma. Nukta hiyo iwe sawa na kitovu cha uzito au nyuma yake kidogo. Ikiwa mbele, malori ya shaba ya barabara ya Kasumbalesa yatakutupa kila mnapopishana. Ongeza mkia au punguza pua.

Hatua ya 6: joto na meno

Mlango wa hewa wa sentimita za mraba 150 uelekezwe kwenye kichwa cha silinda kwa bati. Wa kutokea, nyuma, uwe mara mbili yake. Bandika nyuzi za sufi za sentimita 8 kwenye mkia, mwenzako akufuate na simu arekodi: zikilala, hewa inashika, zikirukaruka, pembe ni kali mno.

Mwisho badilisha pinyoni ya mbele, kutoka meno 14 hadi 16. Usipobadilisha, injini itapiga kelele ileile na esansi itapungua kidogo tu. Ikiwa 16 inagusa kifuniko, punguza meno ya nyuma.