Kuhesabu wageni wa lobelia, Mlima Kenya

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayetaka kujua nani hasa huichavusha Lobelia telekii, mmea ule wenye nguzo ndefu ya manyoya ya kijivu kwenye miteremko ya Bonde la Teleki, mita 4,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuona nani anaitembelea ni rahisi, lakini si kila mgeni wa ua ni mchavushaji, yaani anayebeba chavua (unga wa kiume wa ua) kutoka ua moja hadi jingine. Hatua zote hapa zinalenga kuwatenganisha hao wawili.

1. Kibali kwanza. Utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya Kenya) na ruhusa ya kufanya kazi ndani ya hifadhi. Anza miezi mingi kabla. Ukifika mlimani, lala usiku mmoja au miwili mahali palipo chini kuliko bonde, ili mwili uzoee mwinuko. Kichwa kikiuma usipande zaidi, na kikizidi kuuma, shuka.

2. Chagua mimea bila kuipendelea. Macho hukimbilia nguzo ndefu yenye maua mengi, na hapo ndipo takwimu huanza kupinda. Tandaza kamba ya mita 50, na kila baada ya mita 10 chukua mmea wenye maua ulio karibu zaidi, hata kama ni dhaifu. Ufungie kibati chenye namba.

3. Jifunze kusoma ua. Maua hufunguka kutoka chini kwenda juu. Kila ua huanza likiwa dume: chavua husukumwa nje kupitia ncha ya mrija wa stameni (viungo vya kiume vya ua). Baadaye stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, hujitokeza kwenye ncha hiyohiyo na ua huwa jike. Nguzo moja basi ina majike chini, madume juu yao, na matumba yasiyofunguka bado kileleni. Tenga asubuhi nzima kwa hili kabla hujahesabu chochote, kwa sababu nzi anayelamba nekta (maji matamu ya ua) bila kugusa ncha ile hajachavusha kitu.

4. Kaa, tazama, andika. Keti mita kumi hivi kutoka kwenye mmea ukiwa na darubini na nguo zisizong'aa. Tazama kwa dakika 10, kisha hamia mmea mwingine. Andika saa, jotoridi, upepo, mawingu, aina ya mgeni, maua aliyogusa, yalikuwa dume au jike, na kama mdomo au mwili wake uligusa ncha ya mrija. Anza kabla jua halijafika bondeni, barafu ikiwa bado kwenye majani, maana mara nyingi mawingu hupanda kutoka msituni kabla ya adhuhuri na kufunika kila kitu.

Ndege aitwaye chozi mwenye mkia mrefu, Nectarinia johnstoni, hulinda eneo lake la lobelia na kurudi tena na tena. Kwa hiyo hesabu ziara, usihesabu ndege. Dakika 10 zikipita bila mgeni, andika 0. Msimu wangu wa kwanza niliziruka sifuri nikidhani hazina habari, na data ile sikuweza kuitumia kabisa.

5. Funika sehemu tu. Lobelia telekii hukua kwa miaka mingi, huchanua mara moja, kisha hufa. Ukiifunika nguzo nzima umeinyima nafasi yake pekee ya kuzaa, nami siwezi kukubali hilo kwa ajili ya jedwali. Chukua mimea mitatu iliyo jirani na yenye kimo kinacholingana, na kwenye kila mmoja pima mkanda wa upana wa kiganja katikati ya nguzo. Mkanda wa kwanza ufunike kwa kitambaa cha chandarua kisichotiwa dawa (kilichotiwa dawa kitaua wadudu wote jirani). Wa pili uzungushie wavu wa kuku, ili wadudu wapite na ndege wabaki nje. Uuweke mbali na maua kwa zaidi ya urefu wa mdomo wa chozi, la sivyo atakunywa akiwa nje. Wa tatu uache wazi, uzi ukionyesha mipaka yake. Usitumie mfuko wa plastiki: unyevu huganda ndani usiku na maua huoza.

6. Rudi mbegu zikikomaa. Chuma idadi sawa ya matunda makavu kutoka kila mkanda, weka kila kundi kwenye bahasha ya karatasi yenye namba ya kibati, kausha, kisha pima uzito wa mbegu. Zikijaa kwenye mkanda wa wazi na kupungua ndani ya wavu wa kuku, kazi ni ya ndege. Zikilingana katika mikanda yote mitatu, mmea unajichavusha wenyewe. Ondoa vitambaa, nyaya, nyuzi na vibati vyote kabla hujashuka.